Janani Luwum: Askofu aliyeteswa kwa kutenda haki

Usiku wa Februari 5, 1977, askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum jijini Kampala, wakidai wanatafuta silaha. Walipekua hadi vyumba vya ndani, wakatoka mikono mitupu. Siku 11 baadaye Luwum aliuawa.

Luwum, Mwacholi aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Baada ya upekuzi ule, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakalalamikia uvamizi huo na mauaji ya raia. Hawakushika bunduki wala hawakukaa kimya. Hayo ndiyo mafundisho ya Waraka wa Kwanza wa Petro: anayeadhibiwa kwa wizi au uuaji hana la kujivunia, bali heri anayeteswa kwa kutenda haki, naye asilipe ovu kwa ovu. Wapo waliowahi kuyatumia maneno hayo kuwafunga wanyonge midomo. Luwum aliyashika huku akisema kweli mbele ya mtawala.

Februari 16 alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, lakini mwili wa Luwum ulikuwa na majeraha ya risasi. Akazikwa kijijini kwao Mucwini, huku waumini waliokusanyika katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, wakimwombea kando ya kaburi tupu lililochimbwa kwa ajili yake.

Mmoja wa maaskofu wenzake, Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu kueleza kwa nini amemsamehe Amin. Kusamehe huko hakukumzuia kuendelea kuulaani utawala ule hadharani.

Amin aling'olewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Leo sanamu ya Luwum imesimama Westminster Abbey, London, na Februari 16 ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Viongozi wa dini wa Afrika Mashariki wanaomsifu Luwum kila Februari wana deni kwake: kusema anapoonewa raia, hata pale kusema kunapokuwa na gharama.