Magome, Mtetemeko na Maandishi: Fasiri za Tajriba ya Morani wa Kajiado

Miongoni mwa mambo yaliyowatatiza waandishi wa historia ya Wamaasai ni mtetemeko wa morani, ujulikanao kwa Kimaa kama emboshona. Kijana hukakamaa, hupumua kwa kishindo, pengine hutokwa na povu na kuanguka. Je, chanzo ni magome anayoyanywa au ni mambo yanayomzunguka? Makala haya yanadai kwamba kila jibu lililotolewa lina taswira yake ya hatari, na kwamba taswira hizo ndizo zinazostahili kuhakikiwa.

Mila yenyewe yafahamika. Katika Kajiado, kwa Wakaputiei wa nyika za Kitengela na kwa Wamatapato walio kusini kuelekea Namanga, morani walijitenga porini katika olpul, mahali pa faragha pa kuchinja ng'ombe, kula nyama na kunywa supu iliyochemshwa pamoja na magome na mizizi. Mti utajwao sana ni olkiloriti, yaani Acacia nilotica, ambao wataalamu wa mimea siku hizi huuita Vachellia nilotica. Gome lake lina tanini kwa wingi, na wazee nao hulitumia kusaidia tumbo baada ya kula nyama. Kwa morani, husemwa kuwa hufukuza usingizi na woga.

Vitabu vya awali, kile cha Moritz Merker cha 1904 na cha A. C. Hollis cha 1905, viliandikwa na watumishi wa serikali za kikoloni ambao kwao morani alikuwa kwanza suala la utawala. Mwaka 1982, katika jarida la Ethnology, Lehmann na Mihalyi waliipa hoja ya dawa uzito mpya: ushujaa, ustahimilivu na ukali wa morani ulihusishwa na mimea aliyoitumia. Kinyume chake, Paul Spencer, katika The Maasai of Matapato (1988), aliuweka mtetemeko ndani ya muktadha wa rika, heshima na sherehe.

Fasiri ya kwanza humfanya morani chombo cha kemia; ya pili yaweza kulisahau gome kabisa. Norman Zinberg, alipochunguza matumizi ya dawa za kulevya nchini Marekani, zikiwemo ziletazo maluweluwe, alisisitiza katika kitabu chake cha 1984 kwamba athari hutokana na mambo matatu kwa pamoja: dawa, hali ya mtumiaji na mazingira yake. Kwa mizani hiyo, jambo lililopewa nafasi finyu katika maandishi hupata uzito: wenzake morani humshika anayetetemeka asijidhuru, na hukaa naye hadi atulie. Mshiko huo ni sehemu ya tajriba kama ilivyo supu.

Hata hivyo, kuisifu mila si kuithibitisha kuwa salama. Kiasi cha gome hakipimwi kwa mizani. Aidha, dalili za emboshona zafanana na za kifafa. Mgonjwa akifasiriwa kuwa shujaa, huenda akakosa tiba, na shujaa akifasiriwa kuwa mgonjwa, hunyang'anywa maana ya tendo lake. Kosa la fasiri hapa si la kitaaluma tu, kwani hulipwa kwa mwili wa kijana.

Suala hili limezidi uzito kadiri Kitengela ilivyobadilika. Ranchi ya jumuiya iligawanywa katika miaka ya 1980, viwanja vikauzwa, na mji ukapanuka kando ya barabara ya Namanga. Gome laweza kununuliwa mjini kutoka kwa wauza dawa za mitishamba, likachemshwa katika chumba cha kupanga na mtu aliye peke yake. Kilichosafiri ni mti. Olpul, rika na mikono ya wenzake vimebaki nyuma. Historia inayotaja gome pekee haiwezi kumwonya mtu huyo, kwa kuwa haikuwahi kuandika alichopoteza.