Kiselema Chalima: Historia Fupi ya Bunduki Ndogo za Shabaha na Darubini Zake

Neno bunduki tumelirithi kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo bunduq kwanza lilikuwa jina la kokwa ndogo ya mti. Kisha likawa jina la kidonge cha udongo au cha risasi kilichorushwa kwa upinde. Na mwisho likahamia kwenye silaha ya moto. Neno darubini nalo limetufikia kutoka Kiajemi, ambamo dur ni mbali na bin ni kuona. Hivyo basi, katika maneno mawili ambayo mwanafunzi wetu huyataja bila ya kuyafikiri, mmefichwa mambo mawili makubwa: udogo wa kinachorushwa, na umbali wa kinachotazamwa. Mambo hayo mawili ndiyo tunayopenda kuyazungumza katika kurasa hizi.

Katika nchi nyingi za Ulaya na huko Marekani wapo watu ambao hukusanya bunduki za zamani za mtutu mwembamba. Hawa si wawindaji wa tembo, wala si watu wa vita. Wanachokitafuta ni bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya kujifunzia shabaha: kupiga duara nyeusi iliyochorwa juu ya karatasi, mara nyingi ndani ya nyumba, kwa umbali wa yadi 25 tu. Mtu anayezijua silaha kubwa huweza kuzidharau, akaziita michezo ya watoto. Lakini wahenga wametuonya tusidharau kiselema, kwani chalima kikapita jembe zima. Bunduki hizi ndogo zimebeba habari ambayo silaha kubwa haziwezi kuisimulia, nayo ni habari ya shule, ya walimu na ya vijana.

Asili yake ni Paris. Mnamo mwaka wa 1845 fundi mmoja wa huko, Louis-Nicolas Flobert, alichukua fataki, yaani kile kifuniko kidogo cha shaba kilichokuwa kikiwashia baruti ya magobore ya siku zile, akakipachika kidonge cha risasi mbele yake. Hakutia baruti hata chembe. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukirusha kidonge hicho hatua chache. Watu wakaanza kushindana shabaha sebuleni mwao baada ya chakula. Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1857, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliendeleza wazo hilo hilo: ganda la shaba likarefushwa kidogo, likatiwa baruti, na dawa ya kuwashia ikawekwa ndani ya ukingo wa ganda. Kipenyo chake kilikuwa sehemu 22 katika mia za inchi, ambazo ni kama milimita 5.6. Kisha mwaka wa 1887 kampuni ya Stevens, huko huko Marekani, ikatoa risasi ndefu zaidi ya kipenyo hicho, ambayo kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Risasi ya namna hiyo ingali ikitengenezwa mpaka leo, na ndiyo inayotumika katika mashindano ya shabaha duniani kote.

Hata hivyo, haikuwa sebule iliyoipa bunduki ndogo heshima yake. Heshima hiyo ilitokana na vita, na vita hivyo vilipiganwa katika ardhi ya Afrika.

Mnamo Desemba 1899, katika muda wa wiki moja tu, jeshi la Uingereza lilishindwa mara tatu na Makaburu wa Afrika Kusini: huko Stormberg, huko Magersfontein na huko Colenso. Makaburu wengi walikuwa wakulima waliozoea kuwinda tangu utotoni. Walijificha katika mahandaki na nyuma ya majabali, wakiwa na bunduki za Mauser zisizotoa moshi, wakapiga kwa utulivu kutoka mbali. Waingereza, waliokuwa wamezoea kusimama safu kwa safu na kufyatua kwa amri, walianguka bila ya kumwona aliyewapiga. Vita vile viliendelea hadi mwaka wa 1902, na yafaa tukumbuke kwamba maelfu ya raia, wa Kikaburu na Waafrika pia, walifia katika makambi walimofungwa. Lakini fundisho lililowaingia watawala wa London halikuwa hilo. Walilojifunza ni kwamba kijana wa mjini hajui kulenga.

Jemadari Roberts, aliyeshika uongozi wa majeshi ya Uingereza huko Afrika Kusini mwanzoni mwa mwaka wa 1900, alirejea kwao akiwa amekwisha kuamini kwamba usalama wa taifa lake umo katika jicho la kila kijana. Akawa anahubiri vilabu vya shabaha kila mahali. Mwaka wa 1901 kilianzishwa chama cha vilabu vya wafanyakazi, ambacho baadaye kiliitwa Society of Miniature Rifle Clubs. Na tangu mwaka wa 1947 kinaitwa National Small-bore Rifle Association. Vilabu vikaota katika viwanda, katika makanisa, katika vyumba vya chini ya ardhi na katika viwanja vya shule. Mwaka wa 1908, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika London, mashindano ya bunduki ndogo yalikuwamo.

Bunduki iliyofaa kazi hiyo ilihitaji kuwa rahisi ya bei na imara. Mafundi wa Birmingham waliipata kwa kuitazama silaha ya zamani. Jeshi la Uingereza lilikuwa limeichukua Martini-Henry mwaka wa 1871, bunduki ya risasi moja moja inayofunguliwa kwa wenzo ulio chini ya mkono. Zilipopitwa na wakati, nyingine zilitiwa mtutu mwembamba zikawa za kujifunzia. Na kampuni ya BSA ikatengeneza bunduki mpya ndogo zilizofuata mtambo ule ule. Tunaombwa tuzingatie jambo hili: silaha iliyotumika katika kuitawala Afrika ilipunguzwa mtutu wake, ikawekwa mikononi mwa mvulana wa shule. Alilala kifudifudi juu ya mkeka, akafumba jicho moja, akazuia pumzi, akabonyeza polepole. Mwalimu wake alisimama nyuma akiihesabu karatasi. Lilikuwa ni somo, kama yalivyo masomo mengine.

Kisha ukaja mwaka wa 1914. Ni kweli kwamba katika mapigano ya mwanzo, huko Mons, askari wa Uingereza walisifiwa kwa upesi na usahihi wa bunduki zao. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya mahandaki kuchimbwa kutoka bahari ya kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Na humo katika mahandaki walioua watu wengi zaidi hawakuwa walengaji hodari, bali mizinga iliyofyatuliwa kutoka mbali na watu ambao hawakuwaona wanaowaua. Kijana aliyejifunza kuzuia pumzi na kubonyeza polepole alifukiwa na kombora lisilokuwa na shabaha maalumu. Roberts mwenyewe hakuuona mwisho wa mambo. Alifariki Ufaransa mnamo Novemba 1914, alipokwenda kuyatembelea majeshi.

Hili ndilo jambo kubwa ambalo bunduki ndogo ya shule inatushuhudia. Ni ukumbusho wa imani moja: imani kwamba vita vijavyo vitafanana na vilivyopita, na kwamba anayemwandaa mtoto kwa ajili ya jana amemwandaa kwa ajili ya kesho. Sisi walimu hatuna budi kuutazama ukumbusho huo kwa makini, maana kosa hilo si la majemadari peke yao.

Baada ya vita ile bunduki ndogo haikutupwa, bali ilizidi kuendelezwa, hasa kwa ajili ya michezo. Mwaka wa 1920 kampuni ya Winchester ya Marekani ilianza kuuza bunduki iliyoitwa Model 52, nzito, yenye mtutu mnene wa nje na mwembamba wa ndani. Ilitengenezwa hadi mwaka wa 1980, na wapiga shabaha wengi waliiona kuwa kipimo cha kupimia nyingine zote.

Na hapa darubini inaingia. Darubini za kulengea zilikuwako Marekani tangu katikati ya karne ya 19. William Malcolm wa jimbo la New York alianza kuziunda mwaka wa 1855, nazo zilikuwa ndefu karibu sawa na mtutu wenyewe. Darubini za mashindano za zamani zilishikiliwa na pete mbili juu ya mtutu, na pete ya nyuma ilikuwa na parafujo mbili: moja ya kupandisha na kushusha, ya pili ya kupeleka kulia na kushoto. Mlio mmoja mdogo wa parafujo ulisogeza alama kwa kiasi cha robo ya inchi kwa umbali wa yadi 100. Bunduki ilipopiga teke, bomba la darubini liliteleza mbele ndani ya pete zake, na mpigaji alilirudisha kwa mkono kabla ya kupiga tena. Nyuzi zilizopishana ndani ya lenzi katika baadhi ya darubini hizo zilikuwa ni utando halisi wa buibui. Mwaka wa 1930 fundi mwingine Mmarekani, William Weaver, alitoa darubini nyembamba, nyepesi na ya bei nafuu. Na tangu hapo mtu wa kipato cha kawaida akaweza kuona mbali.

Sasa, mkusanyaji huzikadiriaje mali hizi? Mgeni hudhani kwamba inayong'aa zaidi ndiyo bora. Sivyo hata kidogo. Mkusanyaji mwenye ujuzi huanza kwa kutafuta alama. Nchini Uingereza kila mtutu sharti ujaribiwe katika nyumba maalumu, ama London ama Birmingham, na ukifaulu hugongwa muhuri. Nyumba ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Baada ya alama hutazama namba: je, namba ya mtambo inakubaliana na historia ya mtutu na ya kitako? Hutazama ndani ya mtutu, penye michirizi iliyopinda kama parafujo. Dawa ya fataki za zamani iliacha chumvi iliyokula chuma, na mwenye bunduki ambaye hakuisafisha jioni ile ile aliacha ushahidi wa uvivu wake kwa vizazi vyote. Katika darubini hutazama lenzi: vioo viwili viliunganishwa kwa utomvu wa mti wa Kanada, nao baada ya miaka mingi hugeuka manjano au huachana.

Kuna jambo ambalo wakusanyaji wazuri hulikataa kabisa, nalo ni kusugua. Atokeapo mtu akaipiga msasa bunduki ya mwaka 1912, akaitia rangi mpya na kuupaka mti wake vanishi, huwa ameipunguzia thamani, hata kama macho yanafurahi. Amefuta alama ya kidole gumba cha mvulana aliyeishika pahali pale pale mwaka baada ya mwaka, amefuta namba ya shule iliyochorwa kwenye kitako, amefuta muhuri. Kilichobaki ni chuma kizuri kisichosema kitu.

Sisi wa lugha ya Kiswahili twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mtu akipata hati ya kale ya utenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha akainakili kwa kusawazisha lahaja yake ili imwelee msomaji wa leo, na ile ya asili akaitupa, amefanya kama yule mwenye msasa. Maneno nayo yana mihuri yake. Katika vita ile ile ya mwaka 1914 hadi 1918, wapagazi wa nchi zetu, kutoka Uganda, Kongo, Kenya, Tanganyika na kwingineko, walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, nao walikufa maelfu kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu: ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Anayekwenda Kariakoo kununua nyanya anatamka jina la wapagazi wale, ajue asijue. Laiti mtu angelisugua neno hilo ili liwe Kiswahili safi, angeliufuta ushahidi huo pamoja nalo.

Hatuandiki haya ili kumshawishi msomaji atafute bunduki. Silaha, hata iwe kongwe namna gani, ni silaha. Nchi zetu zimeona machozi ya kutosha kwa sababu yake, na sheria ipo ya kufuatwa. Anayetaka kuzitazama huweza kuzikuta katika majumba ya makumbusho, kama vile Royal Armouries iliyofunguliwa mjini Leeds mwaka 1996. Tunachokusudia ni kusifu namna ya kutazama.

Na tukumbuke pia kwamba kifaa kilichoanza kwa ajili ya vita kiliweza kugeuka. Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, katika shindano la bunduki ndogo, Wamarekani wawili, Lanny Bassham na Margaret Murdock, mwanamume na mwanamke, walilingana pointi. Kwa kanuni za kuhesabu, dhahabu ilimwendea Bassham. Wimbo wa taifa ulipopigwa, alimshika mkono mwenzake akampandisha jukwaa la juu, wakasimama pamoja. Mvulana yule wa mkekani, wa kabla ya mwaka 1914, hakufundishwa somo hilo. Sisi tulio madarasani leo bado tuna nafasi ya kulifundisha.