Lehemu isiyo na risasi: uimara wake katika uwanda wa kati wa Tanzania

Lehemu isiyo na risasi ni aloi ya stani inayoshikiza vijenzi vya elektroniki kwenye bodi ya saketi. Ilichukua nafasi ya aloi ya stani asilimia 63 na risasi asilimia 37 baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006. Soko la vifaa hivyo ni la dunia nzima, hivyo simu, inveta na taa za sola zinazouzwa Dodoma nazo zimebadilika. Aina iliyoenea zaidi ina stani asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220 za Selsiasi, ilhali ya zamani huyeyuka kwenye 183. Imelaumiwa sana kwamba haidumu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini katika uwanda huu sehemu yake kubwa yafaa ielekezwe kwenye ukarabati.

Hali ya hewa ndiyo hoja ya kwanza ya wanaoishuku. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari; mwezi Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na mchana hupita 25, na sanduku la inveta linaloanikwa juani Bahi au Chamwino hupata joto kuliko hewa inayolizunguka. Bodi hutanuka zaidi ya mara mbili ya kijenzi cha kauri, na tofauti hiyo hubebwa na kiungo cha lehemu, kila siku. Hata hivyo majaribio ya joto na baridi yameonyesha kwamba mkazo ukiwa mdogo, aloi mpya kwa kawaida hudumu kuliko ya risasi. Ni mkazo ukiwa mkubwa ndipo huwahi kupasuka. Mabadiliko ya Dodoma, kwa vifaa vingi, ni ya upande wa kwanza. Udhaifu wake ulio wazi ni kishindo: simu inayodondoka sakafuni hukata kiungo kigumu, na ndiyo sababu zikabuniwa aloi zenye fedha asilimia 1 tu.

Hoja ya pili ni vinywele vya stani, vinavyochipua taratibu na kuunganisha njia mbili za umeme. Hatari hii ni ya kweli: mwaka 1998 ilihusishwa na kuharibika kwa setilaiti ya Galaxy IV, mamilioni ya peja Marekani zikanyamaza. Lakini vinywele hutoka hasa kwenye vijenzi vilivyopakwa stani tupu, si kwenye kiungo chenyewe, na tabaka la nikeli chini ya stani huvipunguza.

Wengine husema turudi kwenye risasi, kwa kuwa betri hutumia risasi nyingi zaidi. Ni kweli, na kiwanda cha kuyeyusha betri hizo ndicho kilichowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ila betri ni bonge linaloweza kukusanywa. Risasi ya lehemu imetawanyika katika kila bodi inayochomwa jalalani.

Tatizo zito liko mezani kwa fundi. Kiungo kipya hufifia rangi hata kikiwa kizima, na aliyezoea mng'ao wa risasi hudhani hakijashika, akakiyeyusha tena kwa waya wenye risasi. Mchanganyiko huo hauna uimara unaotabirika. Bodi iliyolehemiwa kwa aloi isiyo na risasi yenye bismuthi ina hatari kubwa zaidi: stani, risasi na bismuthi zikikutana, sehemu ya kiungo huyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, joto ambalo kijenzi cha nguvu ndani ya inveta kinaweza kulifikia. Baadhi ya bodi huchapwa alama: e1 kwa stani, fedha na shaba, e6 kwa bismuthi. Penye e6, waya wa risasi usiguse kabisa.