Asili ya neno 'pontifex': Je, cheo cha Papa ni urithi wa upagani?

WAKAZI wa mitaa ya Jerusalem na Jericho, Eastlands jijini Nairobi, husomewa makanisani kila Ijumaa Kuu habari za Yerusalemu ya kale, ambako Yesu alifikishwa mbele ya Kayafa, Kuhani Mkuu. Katika Vulgata, Biblia ya Kilatini ambayo Mtakatifu Yeronimo alianza kuitayarisha mwaka wa 382, Kayafa anaitwa 'pontifex'. Neno lilo hilo hutumiwa leo kumtaja Papa wa Roma.

Kutokana na hayo, wapo wahubiri wanaodai kwamba Papa amejitwalia cheo cha makuhani wa kipagani. Hoja hiyo huwatenganisha majirani wanaochota maji kwenye mfereji mmoja, na ingefaa ipimwe kwa historia ya neno lenyewe.

Ni kweli kwamba neno hili ni kongwe kuliko Ukristo. Mwanazuoni wa Kirumi, Varro, aliyeishi karne ya kwanza K.K., alieleza kuwa limeundwa kwa maneno mawili, 'pons' lenye maana ya daraja na 'facere' yaani kutengeneza. Makuhani hao, alisema, ndio waliojenga na kukarabati daraja la mbao lililovuka mto Tiber, lililoitwa Sublicius. Hata hivyo, Varro mwenyewe anataja kuwa Scaevola, aliyekuwa mkuu wa makuhani, alilinasibisha neno hilo na kitenzi cha 'kuweza'. Kwa hivyo anayetangaza mimbarini kwamba maana yake ni 'mjenzi wa daraja' anashika maelezo yanayopendwa zaidi, ingawa Warumi wenyewe hawakuafikiana.

Mkuu wa jopo hilo aliitwa 'pontifex maximus'. Hakuwa kuhani wa hekalu moja kama Kayafa. Aghalabu alikuwa mwanasiasa, na jopo lake lilisimamia sheria za ibada, makaburi na, jambo lililokuwa na uzito mkubwa, kalenda. Mwaka wa Kirumi ulikuwa mfupi kuliko mwaka wa jua, hivyo makuhani waliongeza mwezi wa ziada kila walipoona inafaa. Mamlaka hayo yalitumiwa vibaya, kwani mwaka ulioongezwa siku ulirefusha muda wa viongozi kukaa madarakani. (Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu kishawishi hicho.)

Julius Caesar alichaguliwa kushika cheo hicho mwaka wa 63 K.K., na mwaka wa 46 K.K. akaifanyia kalenda marekebisho. Mwezi wa Julai una jina lake. Kalenda hiyo ilikuja kusahihishwa mwaka wa 1582 na Papa Gregory wa 13, naye akiitwa pontifex. Kalenda inayoning'inia dukani Jericho au kibandani Gikomba imepita mikononi mwa watu wawili wenye cheo cha jina moja, mmoja mpagani na mwingine Mkristo.

Tangu Augusto alipotwaa cheo hicho mwaka wa 12 K.K., kilikuwa cha makaisari hadi Gratian alipokikataa katika karne ya nne. Je, Papa alikiokota hapo hapo? La. Mapema katika karne ya tatu, Tertullian wa Carthage alikuwa amemwita askofu fulani 'pontifex maximus' kwa kejeli. Baadaye 'pontifex' likawa neno la heshima kwa askofu yeyote. Ni katika karne ya 15 ndipo mapapa walipozoea kuandikisha 'pontifex maximus' kwenye sarafu na majengo. Ufupisho wake ungali ukisomeka kwenye uso wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatican, pamoja na jina la Paulo wa Tano na mwaka wa 1612.

Wanaopinga neno hili husahau Waraka kwa Waebrania. Humo, Kristo mwenyewe, ambaye Biblia ya Kiswahili humwita kuhani mkuu, katika Vulgata ni 'pontifex'. Ikiwa neno linamtia unajisi anayeitwa kwalo, basi lawama haitaishia Roma.

Isitoshe, Kiswahili nacho hakina mikono mitupu. 'Kuhani' ni neno la Kiarabu, 'kahin', ambalo kabla ya Uislamu lilimtaja mwaguzi, mtu wa kutabiri ya ghaibu. Lina undugu na 'kohen' la Kiebrania, yaani kuhani wa hekalu. Wafasiri walilichukua, na hakuna Mkristo wa Makadara au Kaloleni anayelitilia shaka.

Ama 'Papa' lina asili nyingine kabisa. Limetokana na neno la Kigiriki ambalo watoto walimwitia baba, ndiposa Wakatoliki wetu husema Baba Mtakatifu. Wenyeji wa pwani, ambao papa wao ni samaki mwenye meno makali, walilazimika kuzoea. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki huko Nyanza miaka ya 1960 na ambalo limehifadhi Kilatini katika ibada yake, lina papa wake pia.

Papa Francis, aliyezuru Nairobi Novemba 2015, aliwakumbusha mabalozi huko Vatican mnamo Machi 2013 kuwa cheo chake kina maana ya mjenzi wa madaraja. Alichagua maelezo ya Varro. Yale ya Scaevola, ya 'kuweza', hakuyagusa.