Madirisha ya nyumbani na usalama wa watoto wadogo

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia ya damu. Siku zile dari ilikuwa mahali pa kukaa na kulala. Sisi hatukai juu ya mabati, lakini agizo lile linatuhusu kwa upande wa madirisha. Biblia yenyewe inataja ajali hizo: mfalme Ahazia alianguka kutoka dirisha la chumba cha juu huko Samaria (2 Wafalme 1:2), na kijana Eutiko alisinzia dirishani Paulo akihubiri kule Troa, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20:9).

Kwa nini watoto huanguka

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko cha mtu mzima, ukilinganisha na mwili wake. Akiinama dirishani aone barabara, kichwa humvuta nje. Tena hupanda chochote kilicho karibu: kitanda, kiti, sanduku, bidoni ya maji. Wavu wa dirisha huzuia mbu, hauzuii uzito wa mtoto.

Hatari haiko kwenye nyumba za etaje peke yake. Bukavu, nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko: mlango uko sawa na barabara, lakini dirisha la nyuma liko juu sana kutoka chini. Goma, hata dirisha la chini laweza kumwangusha mtoto juu ya mawe makali ya volkeno.

Mambo ya kufanya

1. Sogeza vitanda, viti na masanduku mbali na dirisha. Kazi hii haina gharama.

2. Dirisha la juu lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Hiyo ni karibu upana wa mkono wa mtu mzima pamoja na kidole gumba. Mnyororo mfupi au ndoano iliyofungwa juu, mtoto asipofika, inatosha.

3. Mkiweka antivole, mwambieni fundi nondo zisimame wima na nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Nondo za kulala na maua ya chuma huwa ngazi ya kupandia. Mji wa New York, huko Marekani, uliweka sheria mwaka 1976 kwamba wenye majengo ya kupangisha waweke vizuizi madirishani palipo na mtoto wa miaka 10 au chini. Kwao, kama kwa Musa, ulinzi ni wajibu wa mwenye nyumba. Basi ukitafuta nyumba ya kupanga, angalia madirisha kabla ya kulipa garanti.

4. Antivole moja, angalau, iweze kufunguliwa kutoka ndani. Nyumba za mbao huwaka upesi, na antivole iliyochomelewa yote huwafungia watu ndani ya moto. Ufunguo ukae mahali pamoja wanapopajua wakubwa wote, karibu na dirisha lakini juu ya mkono wa mtoto.

5. Kamba za rido zisining'inie. Mtoto anaweza kujinyonga nayo bila kutoa sauti. Ikate au uifunge juu.

6. Usimlaze mtoto chini ya kioo. Nchi yetu hutetemeka: Bukavu mwezi wa pili 2008, na Goma baada ya Nyiragongo kulipuka mwezi wa tano 2021. Kioo chenye ufa kibadilishwe; kama pesa haijapatikana, ziba kwa tripleksi au plastiki nene.

7. Usalama wa dirisha si kulifunga kabisa. Mbabula yenye makala ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Mbabula ibaki nje, hata usiku wa baridi.

Mtoto akianguka

Msimnyanyue kwa haraka wala kumtikisa. Kama anapumua, mtu mmoja ashike kichwa na shingo visisogee, na mwingine atafute msaada. Asipewe chakula wala dawa ya kunywa. Akizimia, akitapika, akisinzia kupita kawaida, au akitokwa na damu au maji masikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja. Hata akionekana mzima, mwangalieni kwa saa 24, maana damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa polepole. Akikatwa na kioo, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kipande kilichozama kisivutwe, kiondolewe na muuguzi.

Kazi ya parokia

Mara nyingi anayemlea mtoto mchana ni dada yake wa miaka minane au tisa, kwa sababu mama yuko sokoni au shambani. Tusimtwike mtoto ulinzi ambao nondo mbili zingeufanya. Katika parokia kuna maseremala na wachomeleaji. Siku moja ya kazi yao yatosha kukagua nyumba za wajane na za familia zisizo na uwezo. Waanze na madirisha ya kanisa lenyewe na ya chumba cha shule ya Jumapili. Eutiko alianguka ibada ikiendelea, na waamini wote walikuwapo.