Baada ya Mtondogoo

Asimamaye Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, huona nyika ya Bahi imetandazwa chini yake hata macho yachoke. Hapo juu Wajerumani walijenga boma katika miaka ya 1890, nao walijenga kwa nia ya kukaa. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni na kukiacha kituo hicho kando. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza likakiteka.

Na tumfikirie mtu aliyebeba mawe ya boma lile. Alizaa mwana, kisha wakafuata mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Tukikadiria miaka 25 kwa kila kizazi, kilembwekeza huyo ndiye mtu mzima wa siku hizi. Baada yake wengi wetu hatuna jina la kumwita ajaye. Siku nazo ni vivyo hivyo: twasema kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, kisha twanyamaza.

Ufupi huo wa hesabu haukutudhuru zamani, maana jiwe la boma haliui mtu. Lakini katika mbuga za Bahi na Manyoni imo urani, tena karibu na uso wa ardhi, na makampuni yameitafuta tangu miaka ya 2000. Urani ikichimbwa na kusafishwa huacha vifusi vyenye thoriamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 75,000 hivi, yaani vizazi 3,000. Nani atawaambia watu wa wakati huo wasichimbe kisima pale? Barua za Kiswahili za Kilwa za mwaka 1711 zina miaka mia tatu na ushei tu, nazo tayari zahitaji mtaalamu wa kuzisoma.

Swali kama hilo, kuhusu taka za nyuklia na miaka 10,000, aliulizwa mwanaisimu Thomas Sebeok huko Marekani, akatoa taarifa mwaka 1984. Alipendekeza kundi la walinzi, mfano wa makuhani, watakaoeneza hadithi za kutisha. Hilo silipendi, hofu isiyotajiwa sababu huzaa udadisi. Lakini alishauri pia kwamba ujumbe uandikwe kwa ajili ya vizazi vitatu hivi, pamoja na agizo la kuuandika upya lugha inapobadilika. Mwana, mjukuu, kitukuu: hao tunayo majina yao.

Basi vifusi vikipata kuwapo Bahi, bango la kwanza liandikwe kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na chini yake iachwe nafasi ya mkono wa kitukuu.