Kupanga safu za orodha ya mizigo kwa kitufe cha Tab

Msafirishaji wa Mbuya, mashariki mwa Kampala, anapoandaa orodha ya mizigo itakayopita Malaba, kosa la kawaida ni kutenganisha safu kwa kubonyeza nafasi nyingi. Faili ikifunguliwa kwa wakala wa forodha mwenye fonti nyingine, safu husogea na uzito halisi huangukia chini ya uzito wa jumla. Hapo maswali ya mpakani huanza, na lori limesimama. Herufi nyingi za kompyuta hazilingani upana kama za taipureta: i ni nyembamba, m ni pana.

Chagua kwanza mistari yote (wengi husahau hapa), kisha bofya kwenye rula mahali safu itakapoanzia. Kati ya safu na safu bonyeza Tab mara moja tu. Kwa kilo na bei tumia kituo cha desimali, kinachoweka nukta chini ya nukta, hivyo 85.5 na 1,240.75 hukaa sawasawa. Katika Word, bofya mara mbili alama iliyo kwenye rula ili kubadili aina ya kituo.

Ctrl+Shift+8 hufichua makosa: kishale ni Tab, nukta ni nafasi. Maelezo ya bidhaa yakizidi mstari mmoja, jedwali linafaa zaidi.